Mvuvi Mwenzako Anapovunja Kanuni

Chombo cha uvuvi kikishaondoka diko la Msimbati na kuiacha nchi kavu nyuma, sheria inayobaki ni ile iliyomo vichwani mwa waliopanda. Ofisa uvuvi yuko Mtwara mjini. Askari wa hifadhi, kama boti yao ina mafuta siku hiyo, wana ghuba nzima ya kuzunguka. Upande wa kusini ni maingilio ya Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, na huko chombo hakikawii kupotea machoni. Kwa hiyo mvuvi mmoja anapovunja kanuni, jambo hilo ni la wenzake kabla halijawa la serikali. Wao ndio wanaoona kwanza, na mara nyingi hakuna mwingine anayeona.

Tuanze na mahali penyewe. Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma vilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000, ya pili nchini baada ya Mafia iliyotangazwa mwaka 1995, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Eneo lake ni kilomita za mraba 650 hivi, na ndani yake mna bahari, visiwa, mikoko, mashamba na vijiji vyenye watu. Hifadhi ya namna hii ni tofauti na pori la akiba ambalo watu wametolewa. Anayevunja kanuni hapa si mgeni wa kufukuzwa arudi kwao, kwa kuwa kwao ni hapa hapa, na jioni atakutana msikitini au dukani na mtu aliyemwona asubuhi.

Neno mwenza nalo linahitaji kupangwa, kwa sababu wavuvi wana wenza wa namna tatu. Yupo mwenza wa chombo, mnayepanda naye mashua au ngalawa moja na kugawana naye kilichopatikana. Yupo mwenza wa mwamba, anayevua mahali unapovua wewe ingawa chombo chake ni kingine. Wanawake wanaotafuta pweza miambani wakati wa bamvua ni wenza wa namna hii, maana kila mmoja ana kijiti chake na kapu lake, lakini mashimo ya pweza ni yale yale. Yupo pia mwenza wa diko, ambaye huenda hamvui pamoja kabisa, ila mnatia nanga pamoja, mnauza kwa wachuuzi wale wale, na msiba wake ni msiba wako. Kosa la mmoja huwafikia wenza hawa kwa njia tofauti, na uwezo wa kila mmoja kulizuia ni tofauti pia.

Kanuni zenyewe nazo zina tabaka. Juu kabisa ipo sheria ya nchi, yaani Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, zinazokataza baruti, sumu, juya la kukokota na bunduki ya mkuki, pamoja na kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Chini yake zipo kanuni za hifadhi na sheria ndogo za kijiji, zinazosema wapi pavuliwe, kwa nyavu gani, na nani wa kukata kibali. Chini zaidi ipo ada ya chombo, ambayo haikuandikwa popote lakini kila baharia anaijua: usifiche samaki, usiuze kwa chombo kingine baharini kabla ya kufika diko, na akikuambia nahodha tunarudi, tunarudi. Kwa kawaida ada ya chombo ndiyo inayotiiwa zaidi. Kila aliyemo chomboni anajua ilitungwa kwa faida ya nani.

Sasa tupime kosa. Njia iliyo wazi ni kuuliza maswali mawili: nani ameumia, na je, kilichoharibika kinaweza kurudi? Baharia akificha changu wawili chini ya tanga, walioumia ni wenzake wa chombo, na hasara inarudishwa siku hiyo hiyo kwa kukatwa kwenye fungu lake. Mama akitoa shimoni pweza mdogo wa gramu 200, walioumia ni wenzake wote wa mwamba, kwa kuwa pweza yule angekuwa mkubwa baada ya majuma machache tu. Lakini pweza huishi mwaka mmoja na ushee, hukua haraka sana, na jike hutaga mara moja katika maisha yake kisha hufa. Mwamba ulioonewa hivyo ukipumzishwa miezi michache hujaa tena. Kosa ni la kweli, ila halijafunga mlango.

Juya la kukokota lina uzito zaidi. Matundu yake madogo hayachagui, na likiburutwa juu ya majani ya bahari huchukua vichanga vya samaki pamoja na mahali pao pa kukulia. Hata hivyo majani yakiachwa huota.

Baruti haimo katika mizani hiyo. Mshtuko wa mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki, na wengi wa waliokufa huzama badala ya kuelea. Matumbawe yaliyo karibu huvunjika vipande vipande. Yale yenye matawi hukua sentimita chache kwa mwaka, na yale makubwa ya duara hukua kiasi cha sentimita moja. Na hata hesabu hiyo ni ya mahali ambapo matumbawe yamepata pa kushika. Palipolipuliwa hubaki kifusi kinachosogezwa na mkondo, na tumbawe changa haliwezi kukua juu ya kitu kinachogeuka kila maji yanapojaa na kupwa. Mwamba wa namna hiyo aliyeulipua hauoni ukipona, na huenda hata mjukuu wake asiuone. Walioumia ni wenza wa chombo, wa mwamba na wa diko wote pamoja, na wengine ambao hawajazaliwa.

Mtwara haikulijua jambo hili vitabuni. Mwaka 1996 milipuko 441 ilihesabiwa katika Ghuba ya Mnazi kwa muda wa miezi miwili. Mwaka uliofuata watafiti Martin Guard na Mwajuma Masaiganah walichapisha uchambuzi wa uvuvi wa baruti kusini mwa Tanzania, na ndio unaorejewa hadi leo na wanaoandika juu ya habari hii. Sheria ilikuwa imekwisha kuikataza baruti tangu mwaka 1970. Kukosekana kwa katazo hakukuwa tatizo.

Tukishajua uzito wa kosa, swali linalofuata ni nani aseme, na aseme vipi. Mwanazuoni wa Marekani Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii nyingi zilizofaulu kutunza mali ya pamoja kama malisho, mifereji na maeneo ya uvuvi. Akaona kwamba zilizodumu zilikuwa na adhabu za ngazi: kosa la kwanza huitikiwa kwa upole, la pili kwa uzito kidogo, na kali kabisa hubaki mwisho. Wavuvi wa kambakoche wa jimbo la Maine, Marekani, wana mfano unaoonekana kwa macho. Mtu akitega mitego mahali pa wenzake, wao huifunga kamba ya boya lake mafundo mawili na kuacha kila kitu kilivyo. Asipoondoka, mitego yake huvurugwa, na akiendelea, kamba hukatwa na mitego hupotelea chini. Yale mafundo hayaharibu kitu. Yanamwambia tu kwamba ameonekana, na kwamba waliomwona wamemwachia nafasi ya kurekebisha bila aibu.

Kwenye mwambao wetu fundo la kwanza hufungwa kwa maneno, na lazima lifungwe na mtu anayestahili. Kijana wa miaka 20 hawezi kumwambia mjomba wake, aliyemfundisha kushika usukani, kwamba nyavu zake ni haramu. Akisema, watu watauacha wavu na kuzungumzia adabu yake. Kwa hiyo hutafutwa njia. Ikiwa mjomba ana shemeji au binamu mwenye haki ya utani juu yake, huyo anaweza kumsema barazani mbele za watu, wote wakacheka, na ujumbe ukafika bila ugomvi. Kama hakuna, mzee wa rika lake humwita pembeni. Mtu wa nje huona huku ni kuzunguka mbuyu. Kwa maoni yangu hakuna hatua iliyo muhimu kuliko hii, maana inampa mkosaji nafasi ya kuacha huku bado ana heshima yake, na mtu ambaye heshima yake ingalipo ana kitu cha kulinda.

Ngazi ya pili ni ya nahodha na fungu. Ili kuielewa, tuangalie hesabu ya kubuni ya siku moja. Samaki wameuzwa shilingi 180,000. Gharama za mafuta, chambo na barafu, shilingi 30,000, zinaondolewa kwanza. Zilizobaki 150,000 zinakatwa nusu kwa nusu: nusu ya tajiri mwenye chombo na nyavu, nusu ya mabaharia. Mabaharia wakiwa 6, kila mmoja anapata 12,500. Sehemu nyingine nahodha huongezewa kidogo, au mgao huwa tofauti, lakini mpango ndio huo. Nahodha anapomkata fungu mtu aliyeficha samaki, adhabu ina kipimo, inaonekana na wote, na inakwisha siku hiyo. Wala haihitaji ofisi.

Ngazi ya tatu ni ya diko. Hapa ndipo ulipo ule umoja ambao kila mvuvi anauita BMU, yaani kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, kilichopewa nguvu na sheria ya mwaka 2003. Kikundi hiki kina kamati, kinaandikisha vyombo na wavuvi, kinaweza kufanya doria na kumtoza faini mvunjaji wa sheria ndogo. Juu yake ipo serikali ya kijiji, na juu zaidi ofisa uvuvi, askari wa hifadhi, polisi na mahakama.

Ngazi ikieleweka hivyo, mtu anaweza kudhani kazi imekwisha: tuanze chini, tupande. Lakini kuna sababu tatu zinazoifanya ivunjike, na kwa Mtwara zote zimeonekana.

Ya kwanza ni hofu. Anayevua kwa baruti ana fedha kuliko wenzake, na ana vilipuzi. Mtu akipeleka taarifa halafu mkosaji akaachiwa baada ya siku mbili na kurudi akijua nani kasema, diko zima litajifunza kunyamaza. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa Mtwara na Lindi walilalamikia jambo hili wazi. Waliona kwamba sauti ya mtu mmoja au kijiji kimoja hupotea, wakajiunga vijiji vingi pamoja katika umoja ulioitwa Shirikisho, wakausukuma mjadala hadi ngazi za taifa. Mwishoni mwa miaka hiyo jeshi la majini liliingia, na milipuko ikakoma kwa kipindi. Miaka michache baadaye ilirudi. Nguvu iliyotoka nje ilikuwa imeondoka, na diko lililobaki halikuwa limepewa boti, mafuta wala uhakika kwamba atakayekamatwa atahukumiwa.

Ya pili ni kutenganisha mwenye mali na mwenye mikono. Wavu haramu kwa kawaida ni wa tajiri, na mabaharia wanaoukokota hawamiliki hata kamba yake. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara huko Ziwa Victoria, nyavu nyingi zilichomwa moto hadharani. Moto huo ulimuumiza tajiri kweli, lakini haukuweza kupambanua kati ya baharia aliyependa wavu ule na aliyeukataa moyoni akakosa pa kwenda. Mwenza anaweza kupambanua hilo, serikali haiwezi, na ndiyo maana ngazi za chini hazina mbadala.

Ya tatu ni nzito kuliko zote mbili. Mwanaanthropolojia Vinay Kamat, aliyefanya utafiti wa miaka mingi katika vijiji vilivyo ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi, ameeleza kinyongo cha watu waliohisi kwamba hifadhi iliwajia kutoka juu, ikawanyima bahari waliyoihesabu kuwa shamba lao, na njaa ikabisha hodi. Mahali ambapo kanuni inaonekana ya wageni, anayeivunja haonekani mkosaji. Huonekana shujaa, na anayemsema huonekana msaliti. Hapo utani haufanyi kazi, mzee haitwi, nahodha hakati fungu, kwa kuwa ngazi yote imesimama juu ya imani kwamba kanuni ni yetu. Mradi unaowabadilishia wavuvi nyavu za matundu madogo kwa kubwa hufanya jambo la maana kuliko doria nyingi, kwa kuwa unakiri kwamba mtu hawezi kuacha wavu akiwa hana mwingine.

Kufikia hapa inaelekea kwamba mwenza ana uwezo juu ya makosa madogo tu, na makubwa yanamshinda. Mimi nadhani ni kinyume, na sababu iko katika namna kila kosa linavyofanyika.

Kuvua pweza mdogo kunahitaji mtu mmoja na kijiti. Hakuna mwenza anayeweza kumzuia, atamshauri tu. Juya linahitaji mikono kumi au zaidi kulivuta. Na baruti? Tulisema samaki wengi huzama. Kwa hiyo haitoshi awepo wa kurusha. Lazima wawepo wa kushika chombo, na lazima wawepo wazamiaji wa kushuka haraka kuwaokota samaki kabla mkondo haujawachukua au doria haijatokea. Kisha lazima wawepo wa kununua samaki ambao mchuuzi yeyote mzoefu anawajua: nyama imelegea, mifupa ya mgongo imevunjika, damu imejikusanya ndani. Kosa kubwa kuliko yote ndilo lisilowezekana bila wenza. Mrusha baruti aliyekosa mzamiaji na mnunuzi amebaki na kelele tu.

Hapo ndipo fungu linaporudi katika hesabu yetu. Siku ya baruti, saa moja inaweza kuleta kinachopatikana kwa siku kadhaa za mshipi, na lile fungu la 12,500 likaongezeka mara kadhaa. Baharia ambaye hakurusha, hakuzamia, na pengine hakujua chupa za baruti zimo chomboni hadi walipofika mwambani, anapewa fungu lake kama wengine. Fungu hilo ni bei ya kimya chake. Akilipokea, amekuwa mshirika kwa desturi, na mbele ya sheria pia amejiweka pabaya. Sheria ya Uvuvi inaweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa kuvua kwa vilipuzi na kisichopungua miezi 12 kwa kukutwa navyo, na chombo kikikamatwa, ni watu wote waliomo watakaotakiwa kujieleza. Akilikataa, hajampiga mtu wala hajaenda polisi, lakini ametamka mbele ya wote jambo ambalo nahodha hawezi kulijibu.

Kwa hiyo naona ngazi ya adhabu inawafaa wenza kwa makosa ambayo mwamba unaweza kuyasamehe, na hapo tusikimbilie askari. Mama wa pweza mdogo hahitaji mahakama, anahitaji mwamba ufungwe kwa makubaliano na yeye awe amekaa kikaoni siku ya kukubaliana. Kwa baruti hakuna fundo la kwanza. Kuzamia kukataliwe siku ya kwanza, fungu likataliwe, samaki wakataliwe na wachuuzi, na taarifa ipelekwe na kamati kwa jina la diko, wala isiwe ya mtu mmoja anayelala katika nyumba ya makuti kando ya mkosaji. Serikali nayo ina deni lake: kutotaja aliyesema, na kumfikisha mahakamani aliyekamatwa. Yaliyofuata nchini yanaonyesha deni hilo likilipwa kuna tofauti. Uchunguzi wa sauti chini ya maji mwaka 2015 ulinasa milipuko 318 kwa takriban mwezi mmoja katika mwambao wa Tanzania, zaidi ya nusu yake ikiwa karibu na Dar es Salaam. Baada ya vyombo kadhaa vya dola kuungana na kuwafuata wasambazaji wa vilipuzi pamoja na wavuvi, milipuko ilipungua sana.

Limebaki jambo moja ambalo vikao vingi hulisahau, nalo ni siku mkosaji anaporudi. Amemaliza kifungo, amerudi Msimbati au Naumbu, ana watoto, na hajui kazi nyingine. Kila nahodha akimkataa, atakayempokea ni yule yule tajiri aliyempa chupa mara ya kwanza. Kamati yenye busara humtafutia chombo kabla hajatafutwa: ngalawa ya mshipi, nahodha mtu mzima anayeheshimika, fungu kamili kama la wengine tangu siku ya kwanza, na sharti moja tu, kwamba kwa msimu mzima wa kaskazi asipande chombo kingine bila nahodha wake kujua. Tajiri aliyempa chupa asipewe nafasi hiyo. Chombo chake kifutwe katika daftari la diko, na mabaharia wake waliobaki watafutiwe mahali pa kupanda wiki hiyo hiyo.